Fuko Aliyesema Hayupo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe!

Pakawa mlima wenye ukungu. Pakawa kanisa la mawe juu ya mlima. Pakawa askofu, tumbo limemtangulia. Haya, sogezeni mikeka, mbanane vizuri. Hadithi hii ina sauti ndani yake, na mimi mwenyewe huisimulia nikiwa na woga kidogo.

Zamani hizo wanyama walikuwa na kanisa, na askofu wao alikuwa Fisi. Msinicheke. Walimchagua wenyewe, kwa sababu msibani alilia kuliko wafiwa. Fisi akaweka desturi. Mnyama akifa, asizikwe porini. Aletwe kanisani, alazwe mlangoni, jamaa zake warudi nyumbani bila kugeuka nyuma, na Baba Askofu atamzika ndani mwenyewe.

Akifa Nyumbu, mlangoni. Akifa Pundamilia, mlangoni. Akifa Ngiri, mlangoni. Mlango ukifunguliwa, krriii! Mlango ukifungwa, krriii! Na hakuna aliyewahi kuona kaburi.

Sasa, kuna miaka wanyama hawafi sana. Mvua nzuri, majani tele, kila mtu mzima. Basi miaka hiyo ndiyo wazushi walipoongezeka.

Mzushi ni nani? Mzushi ni yule aliyesema jambo la Mungu bila kumuuliza Fisi. Huyo alichomwa moto uwanjani, na kilichobaki kikaingizwa kanisani. "Kikaombewe," alisema Fisi, huku akijipangusa mate. Kalisti, mtoto wa Mama Swala, aliuliza tu kwa nini ukuta wa kanisa unanuka nyama. Akachomwa. Mama yake alisimama palepale akitazama, na desturi ilimkataza kulia.

Chini ya mlima huo aliishi Bi Fuko. Kadogo, angeweza kulala ndani ya kiatu chako, na macho yake yalikuwa kama hayapo. Siku moja alitoka shimoni ametulia kwa namna ya kutisha. Wenzake wakamzunguka.

"Bi Fuko, una nini?"

"Sina kitu," akasema. "Nilikaa gizani nikanyamaza. Nikaacha kutaka minyoo. Nikaacha kutaka mbingu. Nikaacha kuogopa jehanamu. Kisha nikajitafuta, sikujiona. Palikuwa na Mungu tu, kimya, mpaka kwenye kucha."

"Na wewe je?"

"Mimi sipo."

Manyoya yakawasimama. Mmoja akarudi nyuma hatua, akakanyaga mkia wa mwenzake.

"Halafu," akasema Bi Fuko, polepole vilevile, "wafu wenu wazikeni hapohapo walipolala. Mungu yumo udongoni pia. Kule kanisani nimechimba chini ya sakafu nzima, huku na huku. Hakuna mtu."

Maneno hayo yalipanda mlima upesi kuliko miguu. Fisi alipoyasikia, masikio yalimlala. Nyama ya fuko haijazi hata jino, lakini mdomo huu ungemnyima chakula cha maisha yake yote. "Uzushi!" akabweka. "Leteni kuni!"

Nyani, mpiga kengele, akapiga. Ngeee! Ngeee! Wanyama wote wakaja uwanjani.

Hukumu nayo ilikuwa na desturi yake. Mzushi hakanyagi mawe ya kanisa, asije akayanajisi. Aliwekwa uwanjani, juu ya udongo, akafunikwa kapu kubwa la ukili ili macho yake yasimwangukie mtu. Kisha Nyani alimwita jina lake mara tatu, na yeye akaitika "Nipo!" mara tatu. Aliyeitika mara tatu alikuwa wa moto. Na wote waliitika, maskini, kwa sababu walifundishwa tangu utotoni: mkubwa akikuita, unaitika.

Sasa niambieni, nyinyi wenye akili. Fuko. Juu ya udongo. Wamemfunika kapu, wakasimama pembeni kumlinda asikimbie. Ndivyo walivyofanya siku zote, basi ndivyo walivyofanya.

Ukungu ukashuka mpaka magotini. Kuni zikashika moto, ta-ta-ta. Fisi akaketi kwenye kiti chake, joho jekundu limemfunika mpaka chini.

Chini ya kapu kukasikika kru, kru, kru.

"Anafanya nini?" akauliza Fisi.

"Anasali, Baba," akasema Nyani. "Au anajikuna."

Kru, kru, kru. Kisha kimya.

"Mwite!"

"Fuko!" akaita Nyani.

Kapu kimya. Ukungu kimya. Halafu sauti ikatoka, ndogo, ya mbali, chini ya joho la Askofu.

"Nipo."

Fisi akashtuka. "Nani huyo?"

"Imetoka tumboni mwako, Baba," akasema Nyani, ambaye hakuwahi kujua wakati wa kufunga mdomo.

"Nyamaza! Mwite tena!"

"Fuko!"

"Nipo," ikasema sauti, palepale.

Fisi akalikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili. "Funueni kapu!" Wakafunua. Palikuwa na udongo laini tu, umeumuka kidogo, kwa maana fuko akipita hufunga mlango nyuma yake. Hakuna mkia, hakuna unyoya.

"Alisema hayupo," wakanong'onezana. "Alisema!"

Nyani akavuta pumzi aite mara ya tatu. "Usiite!" akapiga kelele Fisi. Alijua sheria aliyoitunga mwenyewe. Aliyeitika mara tatu ni wa moto, na sauti ilikuwa ndani yake.

Hapo Mama Swala akatoka kwenye ukungu, akaja mpaka mbele ya kiti.

"Baba Askofu," akasema, "huko tumboni Fuko yuko peke yake?"

Mama Swala akainama, akaweka sikio karibu na lile joho jekundu. Akaita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula.

"Kalisti!"

Chini ya kiti, Bi Fuko alikuwa amefungua kinywa tayari. Aliposikia jina hilo alikifunga. Kumchezea Fisi ni jambo moja, lakini huyu alikuwa mama wa mtu, na Bi Fuko aliona uchungu. Akanyamaza kabisa.

"Nipo, mama."

Sauti changa. Bi Fuko aliisikia ikitokea juu yake.

Mjane wa Nyumbu akaja mbio, akamwita mumewe. "Baba Zakaria!" Nipo. Wakaja wengine. "Dada!" Nipo. "Bibi!" Nipo, mjukuu wangu. Nipo, nipo, nipo, zikapishana humo tumboni. Fisi akaruka kutoka kitini, na ili asizisikie akaanza kucheka. Hii-hii-hiii! Akakimbilia ukunguni akicheka, joho likabaki motoni, na kanisani hakurudi tena.

Nyani alimkuta Bi Fuko baadaye akila mnyoo.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unaitika!"

"Mara mbili."

"Na zile nyingine?"

Bi Fuko akavuta mnyoo mwingine.

"Ulisema umeacha kutaka," akasema Nyani. "Mbona ulichimba kujiokoa?"

"Sikuchimba mimi. Kucha zilichimba." Akaingia shimoni.

Haya, funzo la hadithi, watoto, lishikeni sana: mkubwa akikuita, itika upesi, wala usiulize anakuitia nini. Na ukisikia harufu mahali patakatifu, ziba pua yako, uwe mtoto mwema.

Fisi anacheka mpaka leo, nanyi mmemsikia. Na ukipita mbugani utamwona swala amesimama, hamkimbii fisi, masikio yamesimama, anamtazama kwa mbali. Wawindaji husema amepigwa na butwaa. Mimi najua anangoja ule mcheko ukatike kidogo, amsikie mwanawe.

Hadithi yangu imekoma. Utamu wake gawaneni nyinyi, uchungu wake nitabaki nao mimi.