Nani Azibue Ndiva?

Sogeeni karibu. Hadithi hii imekuja bila mwisho wake; mwisho mtautia ninyi.

Huko milima ya Upare walikuwako watu watatu. Nakijwa, mama wa mtoto mmoja, aliwajua wadudu wa majini kama wengine wanavyowajua kuku wao. Elinaza alikuwa na miguu; mlima wa asubuhi nzima aliupanda na kurudi uji wake haujapoa. Mzee Senkondo hakuona vizuri, lakini alikuwa na pua. Ukipita kwake na dagaa mfukoni, atakuuliza umewanunua kwa nani.

Kijiji chao kilimwagilia kwa ndiva, bwawa linalojazwa na vijito na kuzibuliwa alfajiri, kila nyumba siku yake. Zamu ya Nakijwa ilikuwa ya mwisho. Mwaka uliopita maharage yake yaliungua akiisubiri.

Basi vyura wa ndiva wakanyamaza. Kisha bata wakafa. Vijito vilikuwa viwili, kimoja cha matope na kimoja cheupe kama kioo, na kamati ya maji ikataka kuziba cha matope. Mwenyekiti Mndeme akatangaza kwamba atakayeonyesha ubaya unakotoka atapewa zamu ya kwanza, iliyokuwa yake mwenyewe.

Nakijwa alimfunga mtoto mgongoni, akaingia vijito vyote viwili kugeuza mawe. Kwenye matope alikuta kaa, viluwiluwi, na vidudu vinavyojijengea nyumba za changarawe. Kwenye maji meupe hakukuta hata ruba. Mkutanoni alisema kwa sauti ndogo hata wa nyuma wakaomba warudiwe.

"Msizibe kile cha matope. Kile ni kichafu kama mtoto aliyetoka kucheza. Hiki cheupe ndicho kilichokufa."

"Maji ambamo mtu unaiona sura yako?" akadakia mmoja.

"Ndiyo, kaka. Sura yako tu. Hamna mwingine humo."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Elinaza akauliza ageuze mawe gani, akaondoka. Alipanda na kijito cheupe jiwe kwa jiwe, akakwea poromoko ambalo mbuzi hulizunguka, mpaka karibu na msitu. Jioni akarudi na jibu: upande wa juu wa mkuyu ulioangukia kijitoni kaa wamejaa, upande wa chini hakuna kitu. Lakini hapo mkuyuni iliingia mifereji mitano ya mashamba matano ya tangawizi, yote mikavu, na wenye mashamba watano, Mndeme akiwa mmoja wao, wakaapa kwamba hawajui lolote.

Mzee Senkondo akapandishwa kwa punda. Alipiga magoti kwenye kila mfereji, akanusa udongo. Wa nne akaunusa mara mbili.

"Hapa huoshwa bomba la kupulizia dawa ya wadudu," alisema. "Na anayeliosha huvuta tumbaku ya kusokota."

Wote wakamgeukia mwenyekiti, ambaye alikuwa anaizima ya kwake.

Mndeme alikiri. Alidhani maji yanayokimbia hayabebi kosa la mtu. Akaahidi kuoshea bomba lake mbali na kijito, kisha akasema na yeye wasimsahau, maana asingechafua, vipaji vyao vingeonekana wapi? Mkewe akamfinya.

Mwezi haukwisha, vyura wakaanza tena kelele zao. Siku ya zamu ya kwanza wote watatu walifika ndivani, kila mmoja na jembe lake. Elinaza alisema bila miguu yake wangekuwa wanaulizana mpaka leo. Mzee alisema miguu ilifika kwenye mifereji mitano ikasimama. Nakijwa alikuwa amepanga kunyamaza kama kawaida yake, lakini alikumbuka maharage.

"Bila mimi," alisema, na safari hii wa nyuma walisikia, "mngeziba kijito kizima na kunywa kilichokufa."

Mndeme aliwatazama mmoja mmoja, akakuna kichwa. Ndiva imejaa mpaka mdomoni, jua linachomoza, na maji yakizibuliwa yataenda shamba moja tu.

Haya, ninyi mliosikia yote: kizibo mngemkabidhi nani?