Fundi Aliyeomba Mwenzake Apumzishwe

Haya wamama, fungeni huo mlango kwanza. Na pazia! Kila mmoja ashike kitabu chake cha nyimbo, asiye nacho ashike kanga ya jirani, halafu mniapie: hili ninalosema leo halitoki humu ndani. Semeni, "Halitoki!" Sijasikia huko nyuma. Mama wa maandazi, wewe hasa, nakujua mdomo wako, mimi nimekuzidi kidogo tu! Hahahaaa! Haya. Mchungaji kanipa dakika kumi, nikipitiliza mnivute sketi.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja. Sio wa hapa, msianze kutazamana. Alikuwa na mashine ya zamani ya kukatia mbao waliyoiacha wamisheni. Mnaijua? Meza iko chini, juu yake kuna mkono wa chuma umenyooka hivi, na msumeno wa duara unaning'inia kwenye huo mkono, na mota yake. Unalaza mbao, unauvuta msumeno uje kwako, unakata, unaurudisha. Unauvuta uje KWAKO, wamama. Meno yanakuja yanakutazama. Kinachoushikilia usikurukie ni beringi nne ndogo zinazotembea ndani ya ule mkono.

Sasa zile beringi zikaisha.

Ikawa akiuvuta, unayumba. Ukigonga kifundo cha mbao, unaruka. Mke wake yuko jikoni, mwiko mkononi, lakini sikio lote liko karakana. Mashine ikilia vizuri, anasonga ugali. Ikinyamaza ghafla katikati ya mbao, mwiko unabaki hewani, mama wa watu anakimbilia dirishani. Na fundi huko ndani anajua, anainua mikono yote miwili amwonyeshe. Mke anahesabu. Kumi? Kumi. Anarudi kwenye ugali. Kila siku hivyo! Huo ugali ulikuwa unaiva saa ngapi, niambieni?

Akamwambia, "Baba, achana na hiyo mashine."

"Niiache nikatie nini? Nina milango ishirini ya zahanati, na bega langu hili la msumeno wa mkono lilishakufa. Natafuta spea."

Akatafuta, wee! Alianza na maduka ya spea za magari. Kaifunga beringi moja kwenye leso kama jino la mtoto. Kijana wa duka kaigeuza, kaigeuza. "Mzee, hii ya gari gani?"

"Sio ya gari. Ya msumeno."

"Msumeno nao una beringi? Mzee, hii hata aliyeitengeneza keshazikwa, na duka lake kazikwa nalo. Chukua ya pikipiki."

Hahahaaa! Ya pikipiki! Ilikuwa kubwa kama kitumbua. Akaenda kwa wauza skrepa, akapekua vyuma mpaka kucha zikawa nyeusi. Hamna. Akaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma, akamchongea nne. Akazifunga kwa furaha. Siku ya pili moja ikapasuka, msumeno ukaruka, ukamng'oa kifungo cha shati. Kifungo! Na nyuma ya kifungo kuna nini, wamama? Si tumbo?

Basi ndio akakumbuka. Wale wamisheni walileta mashine mbili, mapacha, kwenye lori moja. Moja ilibaki hapo kwake, nyingine ikaenda ng'ambo ya mlima, kwa seremala mmoja mzee. Akapanda basi, akaenda. Mzee yule anakata mbao, mashine yake inateleza kama inapita kwenye samli.

"Mwenzangu, niuzie beringi zako."

Mzee kacheka. "Nikuuzie, mimi nikate kwa meno? Na yenyewe yamebaki manne! Ngoja. Siku nikipumzika kazi hii, njoo na spana yako, uchukue zote bure."

Wakacheka, wakanywa chai, fundi akarudi. Lakini lile neno "siku nikipumzika" likamkaa kichwani. Akila, analisikia. Akivuta msumeno, analisikia.

Jumapili kwenye jumuiya wakafika ule wakati wa kutoa mahitaji, kama tunavyofanya hapa, kila mtu na lake. Fundi akasimama. Kofia mkononi, sauti ya upole.

"Wapendwa, leo siombi la kwangu. Nina fundi mwenzangu ng'ambo ya mlima. Umri umeenda. Naomba tumwombee, Bwana ampumzishe na kazi ngumu."

"Amina!" Watu wote, "Amina!" Bibi mmoja akafuta machozi. "Mwone huyu," anasema, "mashine yake mbovu, na bado anawaombea wenzake!"

Mke wake anatazama vidole vya miguu yake.

Njiani akamuuliza, "Baba, pale umeomba nini?"

"Si umesikia."

"Nimesikia. Nakuuliza umeomba nini."

Jumapili iliyofuata akasimama tena na hitaji lilelile. Na ya tatu. Mke sasa ana hofu mbili: akisikia mashine anaogopa, akisikia maombi anaogopa zaidi. Ulishawahi kumwomba Mungu asimsikilize mumeo? Yeye aliomba.

Wiki ya nne simu ikaja. Yule mzee wa ng'ambo amekatwa na mashine yake. Mkono wa kulia, vidole vitatu.

Mke akakaa chini palepale sakafuni. Fundi akasema, "Inabidi twende tukampe pole." Akachukua koti. Mke kulipangusa vumbi anagusa kitu kizito mfuko wa ndani. Spana!

"Na hii, baba?"

"Fundi hatembei bila spana."

Jamani. Jamani! Kwenda kumpa mtu pole na spana mfukoni!

Wakafika. Mzee yuko kitandani, mkono umefungwa bandeji kama mtoto kabebwa. Kuwaona tu, uso ukang'aa. "Mwenzangu! Karibu, kaa hapa karibu. Nilitaka nije mwenyewe kwako, mkono ukanikatalia." Akamwita mkwewe, "Hebu nitolee ule mzigo hapo uvunguni."

Mkwe akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa cha gunia, kimeshonwa kwa uzi, kimeandikwa jina la fundi. Ndani kuna vitu vinne, vinagongana taratibu.

"Chukua. Ni beringi zangu."

Fundi akasema, "Umezitoa baada ya... baada ya ajali?"

"Aa, kabla! Sikia. Mwanangu anayeishi huko kwenu, mnayesali naye, aliniambia, kila Jumapili unasimama kanisani unaniombea nipumzike na kazi ngumu. Nilishangaa! Nikajiuliza, mimi nani ananiombea tena? Wenzangu wote wamekufa, wanangu wananipigia wakitaka mahindi. Kumbe kuna mtu ng'ambo ya mlima ananitaja mbele za Mungu! Nikasema, huyu hawezi kukatwa na mashine huku mimi nimekalia beringi nzima. Nikazitoa hizi, nikakufungia. Kwangu nikarudishia zile kuukuu nilizokuwa nimezitupa kwenye kopo la misumari enzi zile wamisheni waliponiletea hizi mpya. Nilidhani zitanifikisha mwisho wa mwezi." Akautazama mkono. "Hazikufika. Lakini zako ziko salama, nimezipaka grisi."

Fundi anakigeuza kifurushi mkononi. Mke wake anamtazama, anangoja aseme. Sema basi, baba! Sema neno moja!

Akasema, "Asante."

Basi. Wamama, sasa mimi na nyie. Mbona hamcheki tena?

Sisi ni wangapi humu tunaosimama na maneno matamu? "Bwana amfungulie dada yetu mlango mkubwa zaidi," kumbe tunataka akishahama tuchukue kibanda chake pale kona ya soko. "Bwana amrudishe mke mwenzangu kwao akapate amani." Amani! Tunasema, "Mama mkwe amechoka, Bwana ampumzishe," macho yako kwenye kitanda chake cha mninga. Na watu wanaitikia amina, wanatusifu! Mimi mwenyewe niliwahi kumwombea mama kiongozi wa kwaya apate uhamisho. Msinitazame hivyo.

Sisi tunadhani maombi kama hayo yanasikika juu tu. Yanasikika na huku chini! Mwenzako anayasikia, na yeye anayaamini. Anaamini unampenda. Atakwenda kujivua kilicho kizima akupe wewe. Ukitaka kitu cha mtu, mwendee umwambie usoni, "Nakitaka." Akikataa, akatae. Ni aibu ndogo hiyo, unaamka nayo asubuhi. Ila usiipitishe tamaa yako kwa Mungu ukaiita upendo.

Aliyenisimulia ni Tumpale, mke wa yule fundi, tukichambua maharage kwenye msiba wa shangazi yake. Anasema kile kifurushi hakijafunguliwa, kiko kabatini na uzi wake, na ile mashine imefunikwa turubai. Ila yule mzee anapiga simu kila Jumapili wakitoka kanisani. Anauliza, "Mashine inatembea vizuri?"

Na mumewe anajibu, "Inatembea."