Kiwele cha Mabaka

Jumanne, tarehe tatu Desemba. Mvua ilikatika alfajiri, na asubuhi hiyo ukungu mwepesi ulitanda juu ya malisho huku jua likijitahidi kupenya. Vijana waliokuwa wakitia miiba mipya kwenye ua wa zizi walianza kutuhumiana juu ya panga lililopotea. Bibi Mbeleje, aliyekuwa akichambua maharage karibu nao, akawaambia, "Acheni kushikana mashati. Kiwele kikijaa, ndama huonekana."

"Bibi, panga nalo lina kiwele?" akauliza mmoja, wenzake wakacheka.

Bibi naye akacheka. "Halina. Lakini methali hiyo ina asili yake. Ilianza hivi."

Zamani kidogo, nyuma ya vilima vya Kongwa, majirani walichunga ng'ombe wao katika kundi moja, kila nyumba kwa zamu. Walikuwa ng'ombe wa nyama. Madume walionenepa walipelekwa mnadani, na maziwa ya majike yaliachiwa ndama. Dume la mbegu walilitenga sehemu ya mwaka, ili majike wazae kwa pamoja mvua za kwanza zinapootesha majani. Na sheria yao ilikuwa ngumu: ndama akipotea katika zamu yako, unalipa kwa ng'ombe wako.

Damari, mjane, alikuwa na mtamba mmoja tu. Ng'ombe wengine waliuzwa mumewe alipougua, na bado Mungu alimchukua. Mtamba huyo ndiye aliyebaki, na kila asubuhi Damari alimwomba Mungu amjalie awe mwanzo wa zizi jipya.

Siku ya zamu yake, alimwona Mabaka, ng'ombe wa jirani yake Ndahani, amesimama peke yake, kiwele kimetuna na mkia ameuinua. Akaenda kwa Ndahani, ambaye alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu mumewe.

"Shemeji, huyu leo hafiki jioni bila kuzaa. Mwache malisho ya hapa nyumbani."

"Majani ya hapa yameliwa hadi mizizi! Mpeleke akale. Au siku hizi umekuwa mkunga wa ng'ombe?"

Damari akampeleka. Mchana, alipokuwa akiwafukuza ng'ombe wengine walioingia kwenye mtama mchanga wa watu, Mabaka alitoweka. Aliporudi kundini tumbo lilikuwa limenywea na mkia una damu. Ndama hakuwapo. Damari alipekua vichaka hadi jua likaelekea kuzama, ikambidi awarudishe wote nyumbani.

Ndahani alipomwona ng'ombe wake, alijipiga paja. "Ndama yuko wapi?"

"Amemficha, shemeji. Nimetafuta mpaka miiba imenichana."

"Amemficha! Kwani ng'ombe ana kabati?" Watu wakaangua kicheko. Ndahani hakucheka. "Fisi amekula, nawe ulikuwa umesinzia. Kesho namchukua mtamba wako."

Mkewe Ndahani, alipoona kiwele kimejaa, akamkamua Mabaka dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, akawapikia watoto. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Damari alikwenda kulala na sala moja mdomoni: "Ee Baba, kile kichanga kimelala mahali unapopajua wewe. Kilinde. Na moyo wangu nao ulinde, nisimchukie Ndahani."

Asubuhi wanaume walitoka na fimbo na mbwa, wakamtanguliza Mabaka awaonyeshe njia. Mabaka hakuwaonyesha. Kila walipomsogelea aligeukia upande mwingine, akala majani kana kwamba hajawahi kuzaa maishani mwake. Walipiga kelele, wakapiga vichaka, wakachoka. Mwishowe Ndahani akamwita mkewe alete kibuyu.

"Mkamue tena, kisha twende tukamfungue huyo mtamba."

Damari akaja akasimama kati ya kibuyu na ng'ombe. "Msimkamue!"

"Umepoteza ndama, sasa unataka na maziwa yapotee?"

"Shemeji, jana mlimpunguzia mzigo, ndiyo maana hana haraka. Na leo mnamfuata na mbwa. Wewe ungemwonyesha mtu mwenye mbwa mahali alipolala mtoto wako? Wafungeni mbwa. Tukae mbali. Kiwele kikimuuma, atakwenda mwenyewe."

"Na asipokwenda?"

"Asipokwenda, mtamba nitakuletea kwa mkono wangu mwenyewe, wala sitasema neno."

Mzee Chilongani, mkubwa wa wachungaji, akafunga mbwa wake kwenye kisiki. "Ndahani, kungoja hakuli majani. Tukae."

Wakaenda kukaa nyuma ya kichuguu. Jua likapanda, ukungu wa asubuhi ukaisha. Mabaka alikula, akatembea kidogo, akala tena. Midomo ya Damari ilikuwa ikichezacheza bila sauti, na Ndahani akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mama, unamwombea ng'ombe au unaniombea mimi?"

"Nawaombea wote wawili, shemeji. Ila nadhani ng'ombe atatangulia kusikia."

Hata mke wa Ndahani alijiziba mdomo asicheke.

Ndipo Mzee Chilongani akainua kidole. Matone ya maziwa yalikuwa yakidondoka majanini chini ya Mabaka. Ng'ombe aliacha kutafuna. Alitazama huku na huku, akalia kwa sauti ya chini kama mtu anayeita jina nyumbani, kisha akavuka korongo moja kwa moja hadi kwenye kichaka kifupi cha miiba. Masikio mawili yakainuka. Ndama akasimama kwa miguu inayotetemeka, akaanguka, akasimama tena, akaishika chuchu, na mkia wake ukaanza kucheza.

Damari akapiga magoti palepale, akalia machozi ya shukrani.

"Pale nilipita mimi mwenyewe," alisema Ndahani polepole. "Nilikanyaga ukingoni mwa kichaka kile kile."

Akavua kofia. Akamngoja Damari ainuke, kisha akawageukia majirani wote waliokuwapo.

"Mzee Chilongani, nanyi nyote, nisikieni. Mama huyu alinionya jana asubuhi, nikamdhihaki. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: kuanzia leo ng'ombe wangu mwenye mimba pevu havuki korongo hili. Atazalia malisho ya nyumbani, nami nitamwangalia mwenyewe. Na ndama akikosekana, sitamdai mtu, wala sitamnyooshea mtu kidole, kabla sijangoja. Siku nikisahau, mnikumbushe: kiwele kikijaa, ndama huonekana."