Jalada Lililozidi Vidole Viwili

Nyinyi mnaoegemea nguzo kule nyuma, sogeeni. Hili si la kusikia nusu nusu.

Palikuwa na bwana mmoja hapa hapa pwani, mtu wa safu ya mbele kila sala. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: magazeti ya kale ya Kiarabu. Si karatasi za kufungia karanga, la. Yale yaliyojalidiwa, mwaka mzima ndani ya jalada moja la ngozi. Alikuwa na majalada kumi na tisa ya gazeti moja. La ishirini likakosekana. Wageni wakisifu kabati, yeye macho yako kwenye pengo.

Siku moja akasikia kwamba jalada lile analo mjane wa mtaa wa pili. Akaenda, akabembeleza mpaka yule mama akalitoa sandukuni. Lakini alimwambia wazi: "Nakuazima tu, mwanangu. Hii ni amana. Kijana wangu akija kutoka Muskati, nitalitaka."

Bwana akaapa. Alipofika nyumbani akalipanga na wenzake, lo, limezidi vidole viwili kwa urefu! Yale mengine yalikwisha kukatwa kingo zamani, hili halikuguswa. Kila akipita analiona limechomoza, na moyo unamwasha. Mwishowe akalipeleka kwa fundi wa kujalidi. Fundi akalifungua, akasita, akamwambia pembeni mwa kurasa, juu na chini, kuna maandishi ya kalamu.

"Uchafu tu huo," bwana akajibu. "Kata, yasimame sawa."

Jamani, kitu cha amana! Nani alimpa ruhusa?

Wiki haikuisha, mjane akatuma salamu: kijana anaingia kesho. Na safari hii akamweleza asilomweleza mwanzo. Mumewe alikufa mtoto akiwa bado tumboni. Alipokuwa mgonjwa kitandani, alimwandikia mwanawe pembeni mwa gazeti lile, ukurasa baada ya ukurasa.

Bwana wetu akakimbilia kwa fundi. Fundi akamwonyesha kapu la vipande alivyokata, tupu. Vyote mke wa fundi kawashia jiko. Akapiga magoti, akapapasa chini ya meza, akapata kipande kimoja tu: "Mwanangu, nakuusia..." Basi. Alimuusia nini? Mpaka leo hakuna ajuaye.

Kesho yake akalirudisha, njia nzima anatafuta uongo na hauoni. Yule mama hasomi, ila mwandiko wa mumewe anaujua. Akafunua, akafunua tena, kijana amekaa kando anasubiri. Hakupiga kelele. Akauliza tu: "Habari za wafalme wote zipo, mwanangu. Za mume wangu ziko wapi?"

Naona mnatikisa vichwa, mnamlaani. Taratibu. Sisi ndio yule bwana. Mungu ametuazima wake zetu, watoto, wazee wetu, kila mmoja na kimo chake, nasi tunataka wasimame sawa ili majirani wasifu kabati. Mtoto kachomoza kidogo, kata. Mke kasema neno lisilolingana na yetu, kata. Kilichoandikwa pembeni mwao hatujakisoma hata siku moja. Na Mwenye amana ataitaka, ndugu zangu, wala hakutuambia ni kesho au kesho kutwa.

Basi wewe uliyetoka kwenye nguzo, na mimi niliyekaa hapa mbele: tumekwisha kumkata nani?