Pia ya Mfaume

Pia husimama kwa kuzunguka.

Nilisema hivyo asubuhi mlipomwona Mama Rukia akifagia uwanja aliokwisha kuufagia, mkaanza kunong'onezana: mjane gani huyu, mume hajatimiza mwaka kaburini naye hatulii. Na kwa ujuvi wenu mkaniambia, "Bibi, pia nini? Malizia!" Mkadhani ni ile pia ya "na mimi pia." Kumbe watoto wa siku hizi pia yenyewe hamuijui. Pia ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa kipana juu na chembamba chini, na msumari kwenye ncha. Unakiviringishia uzi, unakitupa huku umeshika mwisho wa uzi, nacho kinazunguka kimesimama wima juu ya msumari wake. Haya, sogezeni nyungo zenu mnichambulie hizo kunde huku mnasikiliza, maana masikio hayachambui. Methali hii ilianzia nyumbani kwa Bi Somoe, na aliyenisimulia ni nyanya yangu Tatu, mtu ambaye hakupata kusema uongo isipokuwa juu ya umri wake.

Bi Somoe alikuwa mke wa Mfaume, mkereza wa Kivinje. Kukereza ni kuchonga mti huku unazunguka. Chombo chao kiliitwa keezo: vigingi viwili, kipande cha mti kimebanwa katikati, na kamba imezungushwa kwenye huo mti. Mmoja anavuta kamba huku na huku, mti unazunguka, na mwingine anashika patasi. Kwao mshika patasi alikuwa Mfaume na mvuta kamba alikuwa Somoe. Walikaa wakitazamana hivyo kutwa nzima, wakakereza matendegu ya vitanda vya nusu ya maharusi wa mji ule. Watoto Mungu hakuwajalia. Walikuwa wawili tu, na keezo lao likilia kri, kri, kri mpaka alasiri.

Kisha vikaja madukani vitanda vya chuma. Watu wakavikimbilia, kama kawaida yetu, kipya kinyemi. Kazi ikapungua hata ikawa siku tatu zinapita keezo halijalia. Ndipo ikaja habari kwamba tajiri mmoja huko Tabora anaunda mikokoteni, na amekosa fundi wa kumkerezea vitovu vya magurudumu. Mfaume akaitikia wito. Mwaka mmoja, alisema, kisha atarudi.

Asubuhi ya kuondoka, mzigo umekwisha kufungwa, alichukua kipande cha mpingo kilichobaki, akamwambia mkewe, "Nivutie kamba mara ya mwisho." Akakereza pia. Akaipigilia msumari, akaizungusha pale pale kwenye sakafu ya baraza. Somoe aliitazama mpaka ikaacha kuyumba. Ilikwenda kasi hata ukaiona kama imetulia.

"Mume wangu, mbona haianguki?"

"Sijui."

"Umekereza pia chungu nzima, nawe hujui?"

"Wallahi sijui. Hata gurudumu nalo hunishangaza. Likiviringika linakwenda wima peke yake, ukilisimamisha linalala. Ninachojua mimi ni kwamba ukitaka isimame, izungushe."

Pia ikaanza kulegea, ikayumba, ikalala ubavu. Mfaume akaiokota, akamtia mkononi, akaufumba mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Sasa nisije nikasikia umekaa kizingitini unahesabu wapita njia. Hamu ikikuzidi, kumbuka: pia."

"Pia nini?"

"Pia tu," akasema Mfaume, akacheka. Somoe naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Mume akajitwika mzigo, akashika njia.

Na Somoe alifanya nini? Alikaa kizingitini akahesabu wapita njia! Alimpenda yule mwanamume, wajukuu zangu, alimpenda hata akaona haya. Kila aliyetokea kwenye kona na mzigo kichwani alikuwa Mfaume, mpaka anapokaribia akawa mwingine. Chakula kikampita. Nywele hakuchana. Wifi yake Tatu, ambaye ndiye huyo nyanya yangu na ndiye dada wa Mfaume, akija kumjulia hali alimkuta pale pale.

"Wifi, utaota mizizi," Tatu akamwambia. "Huyo kaka yangu ana uzuri gani hata akuue? Meno yenyewe yamepishana."

"Niache na meno yake," Somoe akajibu. "Ndiyo ninayoyataka."

Siku moja aliinuka kwenda ndani, akapepesuka, akashika nguo. Pia ikamdondoka kutoka kwenye pindo la kanga alikoifunga. Akaiokota, akajaribu kuisimamisha sakafuni kwa vidole. Ikaanguka. Akajaribu tena na tena, nayo inaanguka. Mwisho akatafuta uzi, akaiviringishia, akaitupa. Ikasimama. Siku ile Tatu alipokuja alisikia keezo linalia, akaingia mbio akidhani kaka yake karudi. Akamkuta Somoe peke yake anavuta kamba, gogo linazunguka, hakuna patasi wala mshika patasi.

"Unakereza upepo, wifi?"

"Nilitaka kuusikia mlio wake," Somoe akasema.

Tatu akamsogeza kando. Akakaa, akaishika kamba yeye, akamwambia, "Basi kakae upande wa pili. Shika patasi."

Tendegu la kwanza lilikatika. La pili na la tatu yakafuata njia ile ile. La nne likatoka nene katikati, na Tatu akalisifu kuwa ni tendegu lenye matende. Walicheka mpaka wakajishika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza Somoe kucheka tangu mumewe aondoke. Lakini mkono hujifunza. Mwaka ulipotimia na Mfaume hajarudi, Somoe alikuwa anakereza miiko, vinu vidogo vya kutwangia viungo, na vitanda kwa wale waliochoka na kelele za chuma. Zilikuja salamu mbili kwa mdomo wa wasafiri, kuwa yu mzima na kazi ni nyingi. Kisha kimya. Mwaka wa pili ukapita, na wa tatu, na wa nne.

Hamu haikupungua. Msije mkadhani kazi ilimsahaulisha. Alikereza vitanda vya wenziwe walioolewa, jioni akarudi kwenye chake kitupu, akalala upande wake tu, ule wa pili hakuugusa. Watu walisema, "Mwanamke huyu ana moyo wa jiwe, mume hajulikani aliko naye anapiga kazi." Aliyasikia na aliyameza. Kila alfajiri alifungua mlango, akatazama kona ya njia mara moja, mara moja tu, kisha akakaa kwenye keezo.

Katika mwaka wa tano akaja mgeni, Mnyamwezi aliyeitwa Kapilima, aliyekuja pwani kufanya kazi katika shamba la mkonge. Kila mtaa alikuwa akiuliza mke wa fundi Mfaume. Alipofikishwa kwa Somoe alibaki amesimama uwanjani, kofia mkononi, hataki kukaribishwa.

"Mama, nilikuwa nafanya kazi pamoja na mumeo. Nilikaa naye mpaka mwisho."

Patasi ikamdondoka Somoe. Tatu, aliyekuwa kwenye kamba, akatoa ukelele, na wanawake wa jirani wakaanza kuingia.

"Mwisho gani?" Somoe akauliza, ingawa alikwisha kusikia.

"Homa, mama. Huu mwaka wa pili sasa. Tulimzika vizuri, Waislamu wenzake walimwosha na kumsalia. Lakini nina deni kwako. Aliniachia maneno, nami sikuyapata yote. Ndiyo maana nimeogopa kuja. Alisema, 'Mwambie Somoe, pia.' Nikamwinamia, nikamwuliza, 'Pia nini, fundi? Pia unamsalimu? Pia unamwachia kitu?' Akasema tena, 'Pia.' Akafumba macho. Nimelibeba neno hili nusu, mama, miaka miwili. Nisamehe."

Wanawake wakalia zaidi. Maskini, wakasema, kafa na neno mdomoni. Somoe akamsogelea mgeni. Akafungua pindo la kanga, akatoa kile kipande cha mpingo, kimeng'aa kwa kushikwa, akakiweka kwenye kiganja cha Kapilima.

"Hukupoteza kitu, mwanangu. Umelileta zima."

Kapilima akaitazama pia, akamtazama Somoe, akakaa chini pale pale mavumbini akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo Somoe naye akalia. Alilia siku ile na siku mbili zilizofuata, na hakuna aliyemkataza.

Siku ya nne akamtuma Tatu kwa shehe, amwulizie eda aanze kuihesabu lini. Tatu akarudi na jibu, likamwia zito kulisema. Shehe alisema eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Miezi minne na siku kumi ilikwisha pita zamani.

"Maana yake nini?" Somoe akauliza.

"Maana yake umeshaikaa, wifi. Ulikuwa mjane nawe huna habari. Uliikaa hapo hapo, patasi mkononi."

Somoe akaliangalia keezo. Akakumbuka asubuhi zote zile alizotazama kona ya njia, na kule Tabora hakuna tena wa kuja. Kisha akasogea akaketi mahali pa Mfaume, akaweka kipande kipya cha mpingo kati ya vigingi.

Wanawake waliokuwa bado matangani wakamrukia. "Ewe Somoe, hata leo? Tulia sasa! Pumzika! Huna tena unayemngojea."

"Nikitulia leo, nani ataniokota?" akasema Somoe. "Pia husimama kwa kuzunguka. Wifi, vuta kamba."

Tatu akavuta kamba huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Keezo likalia kri, kri, kri, na mtaa mzima ukasikia. Neno likatoka pale, likaingia vinywani mwa watu, hata likawafikia nyinyi msiojua pia ni nini.

Basi kunde zimetosha. Nendeni kwa Mama Rukia, mkamsaidie kuteka maji. Nimesema mkamsaidie, msimnyang'anye ndoo. Mwende naye bega kwa bega, mmwache abebe yake. Pia husimama kwa kuzunguka.