Kisima cha Milembe

Kisima hakipimwi siku ya mgeni. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo leo, dada yenu alipoisifia nyumba ya mchumba wake ilivyo safi, mkacheka. Chekeni tu. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mwanhuli, karibu na mgodi wa dhahabu, kulikuwa na kisima kimoja tu kisichokauka kiangazi. Mtunzaji wake alikuwa Milembe, aliyerithishwa kazi hiyo na mama mkwe wake. Mgodi ulipozidi kwenda chini, maji yalijaa shimoni, pampu zikayavuta bila kupumzika. Kila mwaka Milembe akawa anaunga kipande kingine kwenye kamba ya ndoo.

Watu wakalalamika, akaletwa mtaalamu wa maji ya ardhini, binti aitwaye Devota, aangalie kama mvua inarudisha kile pampu zinachochukua. Akisema inarudisha, mgodi ungeruhusiwa kuchimba zaidi.

Sasa Milembe alikuwa amefunzwa kwamba kisima cha kuonwa na mgeni hupumzishwa siku tatu. Akina mama wakachota mapema, ng'ombe wakanyweshwa mbali. Mgodi nao, walipopata habari za ugeni, wakazima pampu, eti matengenezo. Devota akateremsha utepe wake wa kupimia, ukagusa maji kwenye mita kumi na moja.

"Mama, kisima chako ni kizima," akasema. "Mvua inakitosha."

Milembe alitabasamu kwa fahari.

Kesho yake pampu zikaunguruma. Siku ya tatu ndoo ikapanda na tope na maji kidogo tu. Milembe akaketi ukingoni, moyo ukimwuma, maana alitambua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemficha mgeni ukweli. Akajifunga kanga, akaenda kwa miguu hadi mjini, akamkuta Devota anamalizia ripoti.

"Mwanangu, twende sasa hivi. Usimwarifu mtu."

Safari hii utepe ulishuka mita kumi na tisa ndipo ukagusa maji. Devota akamgeukia Milembe.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nani humwonyesha mgeni chungu kitupu?"

"Mimi sikuja kula, mama. Nilikuja kuuliza kama mna njaa."

Milembe akalia waziwazi, wala hakuona haya tena. Devota akaichana ile ripoti, akamwachia utepe na daftari. Kutoka masika hadi masika, Milembe akapima kila asubuhi, watu wakichota wasichote, mgeni awepo asiwepo. Hesabu zake zikaonyesha kwamba mvua huingia ardhini polepole, na pampu hunywa haraka. Mgodi ukakatazwa kwenda chini zaidi, na pampu zikapunguzwa.

Kamba ya Milembe haikufupishwa kamwe. Lakini haikuungwa kipande kingine hadi alipokufa.

Basi mwambieni dada yenu aende kwa huyo mchumba siku asiyotarajiwa, aione nyumba ikiwa haijafagiliwa. Kisima hakipimwi siku ya mgeni.