Zimwi Lililogongwa kama Chungu

Paukwa!

Pakawa!

Sikusikia. Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Atakayesinzia, nitamwachia zimwi limwamshe.

Zamani, kabla bibi yangu hajasimuliwa na bibi yake, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, na palikuwa na zimwi la maumbo matatu. Likija na kichwa kimoja, lina ukubwa wa mbuzi. Likija na vichwa vitatu, lina ukubwa wa nyumba. Likija na vichwa saba, linaziba jua.

Basi likija la vichwa saba, watu mbio porini. Likija la vitatu, mbio porini. Likija lile dogo, wanaume wanashika mikuki: "Hili tunaliweza!" Na lile dogo ndilo lililowamaliza.

Siku moja likammeza Mhina, mume wa mfinyanzi mmoja aitwaye Mwanamkasi. Siku moja likammeza mwanawe wa kwanza. Siku moja likammeza wa pili.

Mara ya kwanza Mwanamkasi alilia mpaka sauti ikakauka. Mara ya pili alilia kidogo. Mara ya tatu hakulia. Majirani wakamletea uji, ukapoa, akaunywa hivyo hivyo. Alibaki na binti mmoja tu, Sikudhani.

Siku moja likaja la vichwa saba. Watu mbio! Mwanamkasi hakukimbia. Si ushujaa, wajukuu zangu, msidanganyike. Hofu ilikuwa imemwisha, pamoja na mengine yote.

Alikuwa anagonga vyungu kwa kidole, kama kila mfinyanzi, asikie kipi kina ufa. Mguu wa zimwi ukatua mbele yake. Nao akaugonga.

Bwe!

"Kumbe nalo ni udongo, na udongo ni ule ule wa lile dogo," akasema. "Limeuvuta tu, ukawa mwembamba."

Zimwi halikumwona hata kumwona. Likapita zake.

Kesho yake likarudi dogo, likamkamata Sikudhani kisimani. Wanaume wakaja na mikuki. Mwanamkasi naye akafika na mchi wake wa kutwangia, akaligonga mgongoni kwa kidole.

Ngii! Zima, gumu, halina ufa.

"Wekeni mikuki chini," akawaambia. Kisha akaligeukia zimwi. "Bwana, huyu ndiye mwanangu wa mwisho. Aliwe na kitu cha ukubwa wa mbuzi? Utatuaibisha."

"Unataka vichwa vitatu?"

"Vitatu vichache, bwana."

"Saba?"

"Saba, bwana."

"Mwanamkasi amepata wazimu!" watu wakapiga kelele. Lakini zimwi lilipenda sifa. Likavimba, likavimba, likavimba, hata jua likazibwa. Mwanamkasi akainua mchi wake, akalipiga tumboni mara moja.

Paa! Vigae vitupu.

Sikudhani akaanguka chini, mzima. Waliomezwa wiki ile wakatoka wakijipangusa. Mhina hakutoka. Wanawe hawakutoka. Walikuwa wamekaa mle muda mrefu mno.

Watu wakapiga vigelegele. Mwanamkasi alisimama tu na mchi wake.

"Mama, mbona hucheki?" Sikudhani akauliza. "Mbona hulii?"

"Sijui, mwanangu. Nishike mkono."

Akamshika. Wakaenda nyumbani. Udongo wa kufinyangia ulikuwa bado umelowa, wakakaa wakaukanda wawili.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye udongo huo. Kikubwa kisikutishe na kidogo usikidharau: kigonge kwanza. Na mtu asiyelia, msiseme hana uchungu. Mshikeni mkono.